Gari Likikwaruza, Lisimamishwe



Dalili ya mvua ni mawingu, na dalili ya gari bovu ni mlio. Twaandika khabari hii kabla ya mavuno kwa sababu magari yetu mengi ni makongwe, vilima vya Pemba ni vingi, na juu ya magunia ya karafuu aghalabu hukaa watu.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Kiangazi kimoja tulikuwa Tabora, tukapanda gari kuukuu kwenda Urambo kuwatazama wakulima wa tumbaku. Watu wa huko si wageni kwetu. Zamani za misafara Wanyamwezi walibeba mizigo mpaka pwani, na wengi katika wao wakavuka bahari kuja kulima mashamba ya mikarafuu. Basi tulikwenda kama waendao kwa jamaa.

Hatujafika mbali, dereva akasema, "Wazee, huku chini panakwaruza." Tukamjibu, "Twende tu, tutatazama tukifika." Tulipokaribia Usoke, kila akikanyaga breki, chuma kilisaga chuma. Hapo dereva akasimamisha gari bila ya kutuuliza tena.

Fundi wa pale kijijini alipokuja hakushika spana kwanza. Aliuliza: Je, linalia hata likisimama? Linalia ukikanyaga breki? Mlio hubadilika ukikata kona? Alipokwisha kujibiwa alijua afungue gurudumu gani. Pedi ya breki ilikuwa imekwisha kabisa, na chuma chake kimeila diski. Akatwambia, "Wazee wangu, mngesimama Tabora mngenunua pedi tu. Sasa mtanunua na diski." Tukalala Usoke siku mbili tukingoja kipuri.

Maswali yale tumerudi nayo, nayo yafaa kwa kila mwenye gari. Mlio ukija pale breki inapokanyagwa, shuku pedi, au lainingi kwa magurudumu yenye ngoma. Ukiwapo wakati wote gari likienda, ukazidi kwa mwendo na kubadilika kwenye kona, shuku beringi ya gurudumu. Ukitoka katikati au nyuma, nao wabadilika dereva akikanyaga mafuta au akiyaachia, tazama krosi za shafti na mafuta ya difu. Ukisikika gari limesimama na injini inawaka, sababu si magurudumu. Hapo dereva na akanyage klachi: mlio ukianza au ukinyamaza, tafuta kwenye beringi za klachi na za giaboksi.

Pengine ni kokoto tu iliyonasa baina ya diski na bati lake, au bati la ekzosi lililolegea. Hayo ni madogo, lakini hayajulikani kuwa ni madogo mpaka mtu atazame. Na atazamaye asiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Liegemezwe juu ya stendi madhubuti, na magurudumu yaliyo chini yawekewe vizuizi.

Wako watakaosema kuwa mavuno hayangoji. Ni kweli. Karafuu mbichi zikikaa kwenye rundo hupata moto na kuharibika, na kila mmoja wetu amewahi kupata hasara hiyo. Lakini karafuu zilizoharibika hupunguza bei ya mwaka mmoja, na gari lisilo na breki kwenye mteremko huondoa roho za watu. Mizani ya mambo haya mawili haiwi sawa hata siku moja.

Huko Urambo tulikumbushwa jambo jingine. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza mradi mkubwa wa karanga huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mitambo mingi iliyoletwa ilikuwa masalio ya vita, iliyokwisha kutumika, nayo ikaharibika upesi kuliko ilivyoweza kutengenezwa. Mwaka 1951 mradi ukaachwa. Sababu zilikuwa nyingi, na ukame na udongo mgumu vilikuwamo. Lakini ikiwa dola yenye fedha nyingi haikuweza kushindana na chuma kilichochoka, mkulima mwenye gari moja atawezaje?

Sasa tuseme lililo gumu. Mara nyingi dereva ndiye asikiaye kwanza, naye hunyamaza kwa kuogopa kuitwa mvivu, au kwa kuogopa kukatwa ujira. Basi lawama ya ajali haimwangukii yeye, wala fundi. Yamwangukia yule aliyesema, "Maliza safari hii kwanza." Njiani kwenda Urambo msemaji wa maneno hayo alikuwa ni sisi, na tumshukuru Mungu kuwa tulilipa kwa diski tu.

Kwa hiyo twaona yafaa wanachama wakubaliane mambo matatu. Kwanza, kabla ya mavuno kila gari lifunguliwe magurudumu, breki zitazamwe na mafuta ya difu na giaboksi yapimwe. Pili, dereva akisema gari linakwaruza, lisimame, na ujira wake wa siku ile usiguswe. Tatu, tumpelekapo fundi gari tumweleze mlio huja lini na watoka upande gani, wala tusimtajie kipuri cha kununua. Na akibadilisha kitu, tukitake kile cha zamani tukione kwa macho yetu.

Haya hayahitaji fedha nyingi. Yahitaji masikio, na mwenye gari aliye tayari kuambiwa "simama" na mtu anayemlipa. Wazee walisema, kawia ufike. Karafuu zetu zitafika, na wachumaji wetu watarudi majumbani kwao salama.