Mnara una jina moja tu

Mnara wa saa wa Mwanza, pale kwenye kiplefti katikati ya jiji, si mbali na Mirongo, ni ukumbusho wa vita. Wengi wanaopita hapo kila siku hawalijui hilo. Kibao chake kinasema mambo mawili: kwamba tarehe 3 Agosti 1858 Speke, msafiri Mwingereza, aliliona Ziwa Victoria kutoka kilima cha Isamilo, na kwamba mnara umewekwa kuwaenzi waliokufa katika Vita Kuu mbili za dunia. Maneno yote ni ya Kiingereza. Jina la mtu lililomo ni moja tu, nalo ni la Speke, ambaye hakufia vitani. (Wavuvi wetu nao walikuwa wameliona ziwa siku nyingi, lakini hayo tuyaache.)

Tunachotaka ni hiki: waliokufa waandikwe majina.

Katika Vita Kuu ya kwanza, Waingereza waliwanyang'anya Wajerumani Mwanza mwezi Julai 1916. Reli ilikuwa bado kufika hapa, ilifika 1928. Unga, risasi na hata vipande vya mizinga vilisafiri kichwani mwa watu, porini, masika na kiangazi. Wapagazi hao walikufa kwa makumi ya maelfu Afrika Mashariki nzima, na wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na njaa, malaria na kuhara damu. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyosimamishwa 1927, angalau inawataja wapagazi, tena kwa Kiswahili. Baadaye, katika Vita Kuu ya pili, wakaja vijana wa Keya, askari Waafrika wa jeshi la Mwingereza, waliopelekwa mpaka Burma kupigana vita ambavyo wazazi wao hawakujua vilianzaje.

Kisha Vita vya Kagera. Hapo hatuna mkoloni wa kumlaumu. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliingia nchini Oktoba 1978, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Pamoja na jeshi letu, JWTZ, walikwenda mgambo, polisi na magereza, na vijana wa mikoa ya Kanda ya Ziwa walikuwemo. Vita vilifika Mwanza pia: Machi 1979 ndege ya Libya, iliyokuwa upande wa Amin, ilikuja kulipua matangi ya mafuta, ikakosa shabaha, bomu likaangukia kisiwa cha Saanane na kuua swala. Watu husimulia kisa hicho huku wakicheka. Kijana wa mgambo aliyefia Lukaya, Uganda, mwezi huohuo hana anayemsimulia nje ya boma la kwao.

Wapo watakaosema mashujaa wa Kagera wana makaburi yao Kaboya, Muleba, na kila tarehe 25 Julai taifa huwakumbuka. Ni kweli, na Kaboya ni mahali pa heshima. Lakini mjane wa Igoma au Buhongwa hapa Mwanza akitaka kumwonyesha mjukuu jina la babu yake, nauli ya Muleba ataitoa wapi? Siku ya Mashujaa ina gwaride na mashada. Yakishanyauka, jina ndilo linalobaki, kama liliandikwa.

Hatuombi sanamu mpya. Sanamu huleta zabuni, zabuni huleta mzozo, na mwisho tunapata askari wa saruji mwenye uso usiofanana na wa mtu yeyote. Mnara upo. Mawe Mwanza hayajawahi kuadimika. Halmashauri ya Jiji iongeze vibao vya Kiswahili ubavuni mwa kile cha zamani, bila kukibandua. Nacho ni historia, hata kama kinatuudhi.

Kazi ngumu ni orodha. Majina ya wapagazi wengi hayatapatikana tena, na kibao kiseme hivyo waziwazi kuliko kuwafunika kwa neno "mashujaa". Ya Kagera yanapatikana. Jeshi lina kumbukumbu zake, na watendaji wa kata wanaweza kupita nyumba kwa nyumba, kuanzia Mirongo. Ila waanze sasa: aliyekuwa na miaka 20 wakati ule anakaribia 70, na ndiye anayejua nani alikwenda naye na nani hakurudi. Rasimu ya orodha ibandikwe ofisi za kata kabla ya kuchonga chochote, ili familia zisahihishe. Jina lililokosewa kwenye jiwe halifutiki kwa kalamu.