Kolera haikuletwa na wakimbizi wa vita

Kolera ikionekana Goma, wapo wakaaji wanaosema: ni wakimbizi wa vita, wamezidi. Miti ya Virunga ikikatwa, wanashitakiwa wale wale.

Watu wakirundikana ghafla, maji hayatoshi, hilo ni kweli. Goma iliona Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda walipoingia kwa mamia ya maelfu na kolera ikaua makumi ya maelfu. Lakini mwaka 2022, vita vya M23 vilipojaza watu Kanyaruchinya, akina mama walishika tena foleni na bidoni, na kolera ikarudi. Karibu miaka 30 ilipita. Nani alikuwa akilala?

Ardhi yenyewe ni mawe ya volkano. Choo hakichimbiki mpaka chini, kinajaa upesi, na mvua ikinyesha uchafu unatembea kati ya vibanda. Kule Bulengo ziwa Kivu liko karibu, maji tele, ila mkimbizi asiye na pesa aliyachota bila dawa. Hapo kosa halikuwa wingi wa watu, lilikuwa mabomba ambayo hayakuwekwa.

Na makala? Mkimbizi anatafuta kuni za kupika maharagi, kama maharagi yapo. Magunia yanayoingia mjini ni biashara: wenye silaha wanatoza kodi njiani, na wanunuzi ni nyumba za Goma, hata za hao wanaolalamika.

Mkulima wa Rutshuru hakupenda kulala chini ya shitingi. Shamba lake lina watu wenye bunduki. Wanaotaka Goma ipungue waanze kuuliza hapo.