Laika la Bakteria na Deni la Istilahi

Mjadala kuhusu uwezo wa Kiswahili wa kubeba maarifa ya sayansi si mgeni katika kurasa za majarida yetu. Aghalabu mjadala huo huendeshwa kana kwamba kinachopiganiwa ni heshima ya lugha tu: tunataja istilahi zilizokwisha kuundwa, tunawakemea wanaobeza Kiswahili, kisha tunaagana hadi kongamano lijalo. Maoni yangu ni kwamba suala hili ni zito kuliko heshima. Ni suala la uhai wa watu, na ushahidi wake tunao hapa nchini, katika Kitui na Makueni.

Baina ya Januari na Julai 2004, watu 317 waliripotiwa kuugua kutokana na mahindi yenye sumu katika maeneo ya mashariki na kati ya Kenya, na 125 miongoni mwao wakafariki. Wengi wa wagonjwa walitoka katika wilaya za wakati ule za Makueni na Kitui. Mahindi hayo, ambayo Wakamba huyaita mbemba, kwa kiasi kikubwa yalikuwa yamelimwa na wenyeji wenyewe, yakahifadhiwa yakiwa na unyevu. Kuvu aitwaye Aspergillus flavus akastawi ndani yake na kutoa sumu inayoshambulia ini. Balaa hilo halikuwa la kwanza Ukambani, kwani mwaka 1981 watu wa Machakos walikuwa wamekwisha kupatwa na mkasa wa namna hiyo hiyo.

Sasa tujiulize: tunapozungumza na mkulima kwa Kiswahili cha kila siku, tunaviitaje visababishi vya maradhi? Kwa kawaida twasema vijidudu. Kipindupindu ni vijidudu, homa ya matumbo ni vijidudu, mafua ni vijidudu, na chakula kilichoota ukungu nacho kina vijidudu. Neno hili moja limebebeshwa mzigo wa bakteria, virusi, kuvu na hata sumu. Tena mtu aliyefundishwa kuwa vijidudu hufa kwa moto atachemsha maji ya kisima kilichochimbwa katika mchanga wa mto mkavu, naye atakuwa amefanya vyema, kwa maana bakteria wa kipindupindu hawastahimili maji yanayotokota. Lakini akiyachemsha mahindi yaliyoota kuvu kwa imani hiyo hiyo, atakula sumu. Sumu hiyo si kiumbe hai, na joto la kawaida la jikoni haliiondoi. Kauli moja ya afya, ikisemwa kwa neno lisilopambanua, yaweza kuokoa kaya kwa maji na kuiangamiza kwa chakula.

Ndiyo sababu nalisifu neno sumukuvu, ambalo limeenea sana katika kampeni za afya na kilimo nchini Tanzania. Neno aflatoksini halimwambii mkulima lolote, ilhali sumukuvu linamfundisha mambo mawili papo hapo: kwamba hii ni sumu, na kwamba asili yake ni kuvu. Sidai kwamba neno hilo peke yake lingaliwaokoa waliokufa mwaka 2004. Njaa, unyevu na ukosefu wa maghala yanayofaa vilikuwa na nguvu kuliko neno lolote. Nadai tu kwamba onyo lisiloeleweka si onyo.

Ikiwa tumefaulu kwa kuvu, mbona tunasitasita kwa bakteria? Chukua mfano wa vinyuzi vyembamba vinavyochomoza juu ya ngozi ya bakteria wengi, ambavyo huwawezesha kushikamana na mwili wa mtu. Wanabiolojia huviita pili, wingi wa neno la Kilatini pilus, yaani unywele. Mwanafunzi wa Kiswahili ataiona taabu mara moja. Utohozi, mbinu tunayoikimbilia upesi mno, hapa unagonga mwamba. Tukisema "pili za bakteria", msikilizaji atauliza ya kwanza iko wapi.

Hatuna haja ya kukopa. Kiswahili kina neno laika, wingi wake malaika, lenye maana ya unywele mwororo unaoota mwilini. Napendekeza tuseme laika la bakteria. Najua atatokea mwenzetu wa kucheka na kuuliza kama bakteria nao wameota mbawa za mbinguni. Jibu limo katika sarufi yenyewe: viumbe wa mbinguni ni malaika hawa, na nywele za mwilini ni malaika haya. Upatanisho wa kisarufi umekwisha kuondoa utata. Isitoshe, lugha iliyoishi na mbuzi wa kufugwa na mbuzi ya kukunia nazi haiwezi kutishwa na maneno mawili ya sura moja.

Istilahi hii si pambo. Muuguzi wa Wote au Mwingi anayemhudumia mama mwenye maambukizi ya njia ya mkojo yanayorudi kila mara angeweza kumweleza kwa lugha nyepesi kwamba bakteria waitwao Escherichia coli wana malaika yenye ncha inayonasa sukari zilizo juu ya seli za kibofu. Mkojo unapopita kwa kasi, ncha hizo huzidi kukaza badala ya kuachia. Mama akilielewa hilo, ataona kwa nini kunywa maji mengi, ingawa ni jambo jema, huenda kusitoshe, na kwa nini hapaswi kuacha dawa nusu njia.

Liko pia jambo la protini kuunganishwa na sukari. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa kazi hii ni ya viumbe wenye seli changamano tu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mfumo wa namna hiyo ukabainika katika Campylobacter jejuni, bakteria aishiye katika utumbo wa kuku na ambaye humharisha binadamu. Malaika ya bakteria wa kisonono nayo yameundwa kwa protini zenye sukari. Tuiiteje kazi hii? Wapo watakaopendelea usukarishaji. Mimi naliogopa neno hilo, kwani litamtupa msikilizaji kwenye ugonjwa wa kisukari. Uvishaji sukari ni bora: protini huvikwa sukari kama mtu avikwavyo vazi, na mwenye kuvaa vazi jipya huwa vigumu kutambulika na walinzi, ambao hapa ni kinga ya mwili.

Yawezekana msomaji akasema kwamba wataalamu wetu husoma kwa Kiingereza na wanakijiji wa Kitui huzungumza Kikamba, hivyo Kiswahili hakina nafasi. Naona kinyume chake. Baina ya maabara na kijiji lazima pawe na daraja, na Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Zaidi ya hayo, laika na kuvu ni maneno ya Kibantu cha kila siku au yaliyokwisha kuzoeleka humo. Mfasiri wa Kikamba atayapatia wenzake kwa urahisi kuliko atakavyolipatia pilus.

TUKI ilitupa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Sayansi haikusimama pale. Vyama vyetu vya wanafunzi visingoje kamusi nyingine ishuke kutoka juu. Kila chama kiunde jopo dogo la wanafunzi wa Kiswahili na wa biolojia. Chuo Kikuu cha Kusini Mashariki mwa Kenya kipo Kwa Vonza, Kitui, katikati ya watu tunaowazungumzia. Istilahi zipendekezwe, zipelekwe zahanatini na sokoni, zisikilizwe vinywani mwa wakulima na wauguzi, na zile zisizoeleweka zitupwe bila huruma, hata kama zimebuniwa na profesa. Huko ndiko kuzipima istilahi kwa haki. Deni hili ni letu, na wanaodai ni watu wanaokula mahindi hayo na kunywa maji hayo.