Mvivu ni nani hapa Bariadi?

Na Bin Masunga

Wasomaji wanaoijua habari ya daftari la madeni yangu ya chai hawatastaajabu kusikia kwamba juma hili nilikuwa tena katika mgahawa ule ule ninamokunywa kwa mkopo, ambamo bwana mmoja, mgeni wa kutoka Dar es Salaam, aliyejifunga tai katika jua lisilotaka tai, alikuwa akisoma kwa sauti takwimu za umasikini katika utafiti wa kaya wa 2017/18: Dar es Salaam asilimia 8, Simiyu yetu asilimia 39, kisha akakohoa, akahukumu kwamba watu wa huku hawapendi kazi.

Aliyekuwa akimmiminia chai wakati huo ni binti aliyewasha moto saa kumi alfajiri, akakanda unga, akakaanga maandazi, akateka maji, na ambaye mpaka adhuhuri ile hakuwa ameketi. "Wee, lete sukari!" akaamrishwa. "Sawa, baba," akajibu kwa adabu, ilhali bwana yule hakutimiza umri wa kumzaa. Nilishikwa na ghadhabu hata chai yangu, ambayo kama kawaida sijailipia, ikanipalia.

Binti yule hupewa shilingi 3,000 kwa siku, wala hapumziki ila Jumapili. Kwa mwezi ni shilingi 78,000, naye humlisha mama yake asiyejiweza, yaani 39,000 kwa kila mmoja. Mstari wa umasikini katika utafiti huo huo ni shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, tena kwa bei za miaka ile! Basi binti wa watu ni fukara, na kazi anayo.

Na Mwanza, jiji zima lenye viwanda vya samaki, ambako mkoani kwake yapata theluthi ya watu walihesabiwa masikini katika utafiti huo, nako wamelala? Hasha! Sisi wa Simiyu twalima pamba, twaipalilia, twaichuma, twaibeba mpaka kwenye mizani ya chama cha ushirika (AMCOS); ikisha kuchambuliwa, marobota mengi huvuka bahari kwenda kuwapa wengine ajira ya kusokota na kufuma, nasi tukabakiwa na mashudu. Kazi tunayo tele. Tulichonyimwa ni ujira wa insafu.

Watakwimu wakijaaliwa kutoa jedwali la matajiri wanaowapunja vibarua wao, nitalisoma kwa sauti mimi mwenyewe, katika mgahawa huo huo, hata kama mwenye mgahawa, anayenikopesha chai, naye yumo.