Ukuta Una Kibali, Ndoo Haina

BARAZANI, na Bi Mwanapwani

Wiki hii ilikuwa bamvua. Maji yalikupwa hadi kule ambako wenye majumba hawakujui, na wanawake wakashuka na ndoo, khanga zimefungwa viunoni, wakawa wanafukua kombe. Niliwafuata nikitaka kombe wa kuunga kwa nazi, sikutaka safu. Safu ikaja yenyewe, imevaa koti.

Alikuwa ofisa wa manispaa moja ya Dar es Salaam. Ipi, nawaachia mawakili wa gazeti. Ni yuleyule ninayemwita hapa Bwana Tunalifanyia Kazi, na mnaoniandikia kila mara kwamba nimemzua, mngekuwapo. Alisimama palipo pakavu, viatu vinang'aa, akawapigia kelele watu wa umri wa mama yake, bila hata shikamoo: "Nyinyi mna kibali cha kuvuna hapa?"

Mmoja akanyoosha mgongo taratibu. "Mwanangu, kombe nilianza kuwafukua hujazaliwa. Na ule je?"

Akaonyesha kwa panga. Kusema kweli hapakuwa na haja ya kuonyesha. Ukuta wa mawe umeshuka kutoka kwenye kiwanja cha mtu hadi mchangani, umepita juu ya visiki vya mikoko ambavyo bado ni vyekundu kwenye mkato. Umeandikwa X nyekundu na maneno SIMAMISHA UJENZI, na chini ya maneno hayo mafundi wanakoroga zege kana kwamba wameandikiwa KARIBUNI. Bomba limetokeza, linamwaga maji meupe ya saruji moja kwa moja pwani. Yule mama akaokota kombe jirani na bomba, akalipasua mbele yangu. Ndani hamna nyama, limejaa tope la kijivu.

Bwana akautazama ukuta, akatazama saa yake. "Hilo tunalifanyia kazi."

Kisha akawaagiza wale wanawake wafike ofisini Jumatatu, kila mmoja na picha mbili za pasipoti. Mwenye ukuta hakuulizwa hata jina.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Sitini! Nilijaribu kupima kwa hatua, nikaanzia pale maji yanapofika yakijaa. Mguu wangu wa kwanza uligonga ukuta. Basi ama sheria hiyo haijafika mtaa ule, ama imefika, ikakaribishwa soda, ikarudi ilikotoka.

Shemeji yangu mkandarasi ananiambia ukuta unalinda ufuo. Unalinda kiwanja, shemeji. Wimbi likigonga jiwe linarudi na nguvu zake zote, na linaporudi linakomba mchanga. Mwenye nyumba anabaki na bustani, jirani anabaki na shimo. Wazee wa Kunduchi watakuambia jinsi mchanga ulivyochotwa mitoni kwenda kujenga mji, bahari nayo ikaja kujilipa ufukweni. Hoteli ya Africana ikahamwa. Leo konda anaita "Africana, Africana, wa kushuka!" na abiria wanashuka bila kujua kwamba palikuwa na hoteli.

Lakini hoteli ina bima na ina watu wa kuililia. Kombe hana diwani. Anaishi mchangani kwenye nyasi bahari, anakula kwa kuchuja maji, na ukimfunika kwa tope umemziba mdomo. Kitoto cha chaza nacho huelea kwa muda, kisha hutafuta mahali pagumu pa kujibandika: jiwe, mzizi wa mkoko, gamba la mwenzake. Mzizi ukikatwa na jiwe likipakwa tope, kizazi hicho kimekwisha, na hakuna ripoti itakayoandikwa, maana aliyeidhinisha mchoro wa ukuta aliuona mezani, na mchoro haukupwi wala haujai. Hili ndilo tatizo lote, msinitafutie jingine. Wenye mamlaka juu ya pwani yetu hawajawahi kuikanyaga maji yakiwa yametoka.

Kule Fumba, Unguja, wanawake wamewahi kufunga sehemu za pwani ili chaza wapumzike na kuzaana. Hawakuhitaji koti. Sisi huku tunawaomba wanawake picha za pasipoti.

Mimi ningemnyang'anya Bwana yule meza. Mtu asiyeweza kulowana hadi magotini wakati wa bamvua, akiongozwa na mama mwenye ndoo, asiguse muhuri wa kibali chochote cha ujenzi ufukweni. Na X ikishapigwa, anayeendelea kukoroga zege achukuliwe yeye na koleo lake na bosi wake, siku hiyohiyo.

Najua hilo nalo litafanyiwa kazi. Nimeuona mwaliko: semina elekezi ya madiwani kuhusu utunzaji wa fukwe, posho ipo, ukumbi ni hoteli ya ufukweni, chai saa nne. Waheshimiwa, mmoja wenu atoke wakati wa chai na futi kamba. Hata hahitaji kwenda mbali. Bahari ikijaa, ukuta wa ukumbi wenu unalambwa na maji.