Kichwa cha Habari si Kitendawili

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii haijapata shahidi bora kuliko vichwa vya habari vinavyotembezwa leo kwenye intaneti: "Alifungua mlango, alichokiona kitakutoa machozi." Nani aliyefungua? Mlango upi? Aliona nini? Kila kilichopasa kusemwa kimefichwa, na kilichobakia ni kamba ya kumburura msomaji.

Wako wanaoutetea mtindo huu kwa kudai kuwa ni mtoto wa kitendawili, sanaa ya wahenga. Dai hilo ni batili. Kitendawili kina mapatano: mtegaji hubisha hodi, hadhira huitikia "tega", anayeshindwa hutoa mji kwa hiari yake, na jibu hutolewa kamili. Kichwa cha namna hii hakibishi hodi. Hupora mji kwanza, na jibu lake aghalabu ni maji matupu.

Wala hii si kazi ya mwandishi aliyeteleza. Tovuti ya Upworthy, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2012, iliwataka wahariri wake watunge vichwa 25 kwa kila habari, kisha baadhi vikajaribiwa kwa wasomaji ili kijulikane kinachobofywa zaidi. Wataalamu walizichunguza kumbukumbu za majaribio hayo, na mwaka 2023 jarida la Nature Human Behaviour likachapisha matokeo: katika kichwa cha urefu wa wastani, kila neno la shari lililoongezwa lilizidisha mibofyo kwa asilimia 2.3. Basi huzuni ya binadamu imetiwa mizanini kama karafuu.

Watajibu kuwa msomaji hubofya kwa hiari yake. Ni kweli, na samaki naye humeza chambo kwa hiari yake.

Hasara iliyo kubwa si ya dakika zilizopotea, bali ya lugha. Ilipozama MV Spice Islander karibu na Nungwi, Septemba 2011, neno "msiba" lilitosha; halikuhitaji kupambwa. Neno hilo likiitwa kila asubuhi kwa ajili ya paka aliyepotea au ndoa ya mcheza sinema iliyovunjika, siku ya jeneza la kweli litakuwa limechujuka, na wafiwa watakosa neno la kulilia.

Mhariri mwenye haya na aandike nani, wapi na nini. Habari yenye uzito itasomwa kwa uzito wake. Isiyo nao, na ikose msomaji.