Nchi iliyovunjwa na vita hujengwa na nani?

  

Wiki chache zilizopita, baada ya swala ya Ijumaa katika msikiti mmoja wa huku mlimani, ulipitishwa mchango kwa ajili ya ndugu zetu wa Sudan, ambao tangu Aprili 2023 wamo katika vita. Mzee mmoja, mkulima wa kahawa na migomba, alitoa alichojaaliwa, kisha akatungoja barazani. "Sheikh," akatuuliza, "fedha hii inakwenda kuwalisha wale watu au kuwajengea nchi? Kulisha nakufahamu, mtu akila leo, kesho ana njaa. Lakini nchi ikishavunjika, hujengwa na nani?" Tulimjibu kwa kifupi kwa kuwa watu walikuwa wakitusubiri, na jibu lenyewe halikuturidhisha hata sisi tulilolitoa. Leo tunajaribu kumjibu vizuri zaidi, yeye pamoja na kila baba na mama ambaye hufungua mkoba kila ifikapo habari ya vita.

Sisi watu wa Moshi hatuna haja ya kutafuta mfano mbali. Mwishoni mwa Machi 1979, majeshi yetu yakiwa yamekwisha kuvuka mpaka na kuingia Uganda, viongozi wa vikundi zaidi ya ishirini vya Waganda waliokuwa uhamishoni walikutana katika mji wetu huu. Hapa ndipo walipounda chombo chao cha ukombozi, UNLF, na kumchagua Profesa Yusuf Lule awe kiongozi. Wakati huo tulikuwa watoto wadogo, na tunachokumbuka zaidi ni wazee waliozunguka redio ya jirani, huku sisi tukifukuzwa tusipige kelele. Aprili 11 Kampala ilianguka. Aprili 13 Lule akaapishwa. Juni 20 alikuwa amekwisha kuondolewa, baada ya siku 68 tu. Aliyemfuata, Godfrey Binaisa, hakutimiza hata mwaka. Uchaguzi wa Desemba 1980 nao ukazaa vita vingine vilivyodumu mpaka Januari 1986. Kwa hiyo katika mkutano wa Moshi ilipatikana serikali, tena ya muda mfupi; nchi yenyewe ilikuwa bado haijapatikana.

Ni nini hasa kilichokuwa kimevunjika? Mtu hufikiria madaraja na majumba, lakini Uganda ilianza kubomoka kabla ya risasi ya kwanza ya vita vile. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa watu wenye asili ya Asia siku 90 za kuondoka, na maduka na viwanda vyao wakagawiwa watu wengi ambao hawakujua hata bei ya bidhaa zilizokuwa kwenye rafu. Waganda wenyewe waliwapa matajiri wale wapya jina la Kiswahili: mafuta mingi. Bidhaa zilipokwisha, likafuata neno jingine la Kiswahili, magendo, ambalo sisi tunaopakana na Tarakea na Holili hatuhitaji kufasiriwa. Kiwanda cha sukari cha Kakira, karibu na Jinja, kilichoanzishwa na familia ya Madhvani mwaka 1930, kilififia mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980 kikawa karibu kimesimama kabisa. Ikavunjika pia imani baina ya jirani na jirani: Juni 1979 Waislamu wa Ankole, watu wasio na hatia, waliuawa kwa kisasi cha makosa ya Amin, kana kwamba kila aswaliye alikuwa askari wake.

Sasa tutazame waliojenga. Tuanze na watu wa hisani, na tuseme haki hata pale ambapo sifa haituangukii sisi. Hospitali ya Lacor, mjini Gulu, ilianzishwa na wamishonari wa Kikatoliki mwaka 1959. Ilipita katika utawala wa Amin, ikapita katika vita vya kaskazini vilivyodumu takriban miaka ishirini, na usiku watoto kwa maelfu walikuja kulala ndani ya uzio wake kwa kuogopa kutekwa na waasi. Ugonjwa wa Ebola ulipoingia mwaka 2000, daktari wake mkuu, Matthew Lukwiya, aliwauguza wagonjwa pamoja na wauguzi wake mpaka naye akafa kwa maradhi hayo hayo mwezi Desemba. Hospitali ipo mpaka leo.

Upande wetu, mwaka 1988 madaktari na wahudumu wa afya Waislamu waliunda Jumuiya ya Kiislamu ya Tiba ya Uganda, IMAU. Nchi ilikuwa imetoka vitani na kuangukia mikononi mwa Ukimwi. Kuanzia mwaka 1992, katika wilaya za Mpigi na Iganga, jumuiya hiyo iliwafundisha maimamu na wasaidizi wao habari za ugonjwa huo, nao wakaingia nyumba kwa nyumba kuzungumza na familia. Imamu ni mtu wa pale pale. Mradi ukimalizika yeye haondoki na gari, kesho yuko mbele ya safu akiswalisha. Mwaka huo huo wa 1988 kikafunguliwa Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Mbale, kilichokuwa kimekubaliwa na nchi za Kiislamu tangu 1974. Kilianza na wanafunzi 80. Miaka kumi na minne ya kungoja ni mingi, lakini kilipoanza hakikufungwa.

Hata hivyo hospitali na chuo haviwezi peke yake kuijaza meza ya chakula. Kakira ilirudishwa kwa wenyewe mwaka 1985 kwa ubia na serikali, ikafufuliwa kwa mikopo. Mkopo ni deni, na mwenye deni hana budi kuamka mapema. Pamoja na kiwanda kikaamka kilimo cha miwa cha wakulima wadogo kwa maelfu katika eneo la Busoga, ambako ndugu zetu Waislamu ni wengi, wakaamka na wenye malori, mafundi na mama wauza chakula. Hatusemi hili kwa kuwasifu matajiri. Biashara nayo ina madhara yake: huko huko Busoga wapo waliopanda miwa mpaka mlangoni, wasibakize hata tuta la viazi, bei ilipoanguka wakalala njaa katikati ya sukari. Mwekezaji asiyeulizwa habari hizi na mtu yeyote hatajiuliza mwenyewe.

Na hisani pia ina madhara yake. Katika kaskazini ya Uganda vita viliwasukuma watu zaidi ya milioni moja na nusu makambini, na mashirika ya misaada yakafurika Gulu. Yaliokoa roho za watu, na hilo asilikane mtu. Lakini mtoto aliyezaliwa kambini alikua akiona chakula kinashuka kutoka kwenye lori, hakupata kuona kinatoka ardhini. Mapigano yalipokoma mwaka 2006 na watu wakaanza kurudi mashambani, fedha za dharura nazo zikaanza kupungua, yaani zilipungua wakati ule ule mtu alipohitaji jembe, mbegu na mnunuzi.

Hapa tunakumbuka kisa ambacho watoto wetu husomeshwa madrasa. Abdurrahman bin Auf alipohamia Madina hana kitu, Mtume (S.A.W.) alimuunganisha udugu na Saad bin Rabii, tajiri wa Madina, naye Saad akawa tayari kumkatia nusu ya mali yake. Abdurrahman alimwombea dua, kisha akaomba aonyeshwe lilipo soko. Akaanza na samli na jibini kavu. Wengi wetu tunapokisimulia husifu kujitegemea kwa Abdurrahman na kuishia hapo. Sisi tunaona kuna jambo tunaliruka: soko lilikuwapo. Kama watu wa Madina wangekuwa wanagawa samli ya bure sokoni kila siku, kwa nia njema kabisa, Abdurrahman angemuuzia nani?

Tunalisema hili kwa sababu nasi tumekosea. Mwaka mmoja tulihamasisha familia zichange nguo za kupeleka kwa wahanga wa vita. Yalipatikana marobota mengi, taasisi moja ikayapokea, na mpaka leo hatujui yalimfikia nani. Lakini hata kama yalifika, je, mshonaji wa kule aliyekuwa ndio kwanza amenunua cherehani alisemaje alipoyaona? Sisi tunaonunua mitumba pale Memorial, na hatujitoi katika hao, tunajua nguo ya sadaka ya Ulaya ikishafika sokoni fundi wa mtaani hubakiwa na kazi gani: kupunguza na kukunja pindo.

Basi mzee wetu, jibu letu ni hili. Anayelisha na anayejenga wanahitajiana, na mchango wako una haki ya kwenda kwa wote wawili, ila tuwachague. Kwanza tumtafute yule aliyekuwapo kabla ya kamera kufika na ambaye atakuwapo zikishaondoka. Huko Sudan wenyeji wameanzisha majiko ya mitaa yanayoitwa takaya, yanayoendeshwa na majirani kwa majirani. Kupeleka huko ni bora kuliko kupeleka kwa jina kubwa lisilo na anwani. Pili, chakula kinunuliwe karibu, kwa mkulima na muuzaji wa huko huko, kila inapowezekana. Tatu, sehemu ya mchango isiliwe. Iwe mbegu, iwe cherehani, iwe mtaji wa karadha njema unaorudi na kupewa mwingine.

Tulipompelekea maneno haya mzee, alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. Akasema katika chama chao cha msingi, tangu enzi za baba yake na KNCU, mahesabu husomwa mbele ya wanachama hata wakihudhuria watu kumi. "Nyinyi mtasoma lini?" akauliza. Hatukuwa na siku. Tulikwenda kwa kamati ya msikiti, tukazungumza mpaka usiku, na siku imewekwa: Ijumaa ya kwanza ya Shaaban, mara baada ya swala. Mzee ametuambia atakaa safu ya mbele.